Mnyororo Ulioanzia Rabai

Masomo: Mathayo 28:16-20, 2 Timotheo 2:1-2

 

Mwishoni mwa Injili ya Mathayo tunasoma kwamba wale kumi na mmoja walikwenda Galilaya, mpaka mlima ule ambao Bwana aliwaagiza. Walipomwona walimsujudia, lakini wengine waliona shaka. Bwana hakungoja mpaka shaka yao iishe. Aliwapa kazi papo hapo. Aliwaagiza waende kwa mataifa yote, wawafanye watu kuwa wanafunzi wake, wawabatize, na kuwafundisha kushika yote aliyowaamuru. Tena akaahidi kwamba yeye atakuwa pamoja nao siku zote.

Liangalieni sana neno hilo, wanafunzi. Bwana hakuwatuma wakakusanye wasikilizaji. Hakuwatuma wakaandike majina katika daftari. Mwanafunzi ni mtu aliye na mwalimu wake. Hukaa naye, humwuliza maswali, huangalia jinsi anavyoishi, na mwisho naye hufundisha mwenzake. Kazi ya namna hiyo haifanyiki kwa haraka, wala haifanyiki kwa mbali.

Leo nataka tuangalie jinsi agizo hili lilivyotiiwa mara ya kwanza na Waprotestanti katika nchi yetu ya Kenya. Habari hizi ni za Rabai, mahali palipo juu ya vilima, upande wa bara kutoka Mombasa. Wengi tumezisikia shuleni, lakini shuleni tulifundishwa zaidi habari za milima na safari. Leo tutazame watu.

Mwezi wa Januari mwaka 1844 Mjerumani mmoja, Johann Ludwig Krapf, alifika Unguja pamoja na mkewe Rosine. Alikuwa ametumwa na chama cha Kiingereza kiitwacho Church Missionary Society, yaani CMS. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi Uhabeshi miaka kadhaa, mpaka njia ya kurudi huko ikafungwa. Seyyid Said, aliyetawala Unguja na pwani, alimpokea kwa wema. Akampa barua kwa maliwali wake, akiwaambia kwamba mgeni huyu ni mtu mwema, naye ataka kuwaelekeza watu kwa Mungu. Mwezi wa Mei Krapf na mkewe wakahamia Mombasa.

Jambo la kwanza Krapf alilolifanya Mombasa lilikuwa kujifunza. Hakupanda jukwaani. Alikaa chini na wenyeji akaisikiliza lugha yao. Mwezi wa Juni mwaka ule ule alianza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji. Yafikirieni hayo, ndugu zangu. Mkristo kutoka Ujerumani na Mwislamu mwenye elimu ya Mombasa wameketi pamoja, wanatafuta maneno ya kueleza jinsi Mungu alivyoumba mbingu na nchi. Kila mmoja alikuwa na imani yake, lakini waliheshimiana. Mwenye kutaka kushuhudia imani yake na akumbuke hayo. Kushuhudia si kutukana dini ya mwenzako.

Mwezi uliofuata, Julai, msiba uliingia nyumbani. Homa iliwapata wote wawili. Rosine alijifungua mtoto wa kike, na siku chache baadaye mama akafariki, tarehe 13 Julai. Mtoto naye hakuishi. Walizikwa ng'ambo ya bahari, upande wa Nyali, na kaburi hilo liko mpaka leo. Krapf alikuwa mgonjwa mno, mwenyewe akidhani atawafuata. Hata hivyo aliwaandikia wakubwa wake Ulaya kwamba kaburi hilo liwe kwao ishara ya kuwa kazi imeanza katika upande huu wa Afrika.

Sisi tungeandika barua ya namna gani? Mwezi mmoja wa kutafsiri, na jamaa yote imezikwa. Wengi wetu tungeomba nauli ya kurudi nyumbani. Yeye alibaki.

Mwaka 1846 alikuja mwenzake, Johannes Rebmann, Mjerumani pia. Tarehe 25 Agosti wote wawili walihamia Rabai, na wote wawili walikuwa na homa siku ile ile. Krapf alikuwa dhaifu hata ikabidi apandishwe juu ya punda. Wazee wa Rabai walikuwa wamekwisha kuwakubalia kukaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Lakini kwa siku ile wageni wenyewe ndio waliohitaji kupona, na wenyeji ndio waliowahifadhi.

Krapf alikuwa na wazo moja kubwa lililomkaa moyoni. Alitaka pawe na mlolongo wa vituo vya misheni kuanzia pwani ya mashariki, kimoja baada ya kingine, mpaka pwani ya magharibi ya Afrika. Kila kituo kingekuwa kama pete moja ya mnyororo, nao mnyororo huo ungevuka bara zima. Neno mnyororo lilijulikana sana katika pwani yetu siku zile. Watu waliletwa kutoka bara wamefungwa minyororo shingoni, wakauzwa kama mbuzi. Krapf aliota mnyororo wa namna nyingine, wa kuwafungua watu.

Basi alianza kusafiri ili kutafuta njia. Rebmann alikwenda upande wa Uchaga, na tarehe 11 Mei 1848 aliuona mlima Kilimanjaro una theluji. Krapf alikwenda Usambara, kisha Ukambani, na tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, aliuona mlima Kenya. Wataalamu wa Ulaya waliposoma habari hizo waliwacheka, wakasema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Baadaye ilijulikana kwamba wamisionari walisema kweli. Kwa sababu hiyo majina yao yamo katika vitabu vya jiografia.

Lakini milima ilikuwapo kabla yao, na haikuhitaji kuokolewa. Je, watu? Siku zilizokuwa zinapita pale Rabai walikuwa na nini cha kuonyesha?

Hapa ndipo tunapokutana na mtu ambaye vitabu vingi vya shule havimtaji. Jina lake Mringe. Alikuwa mwenyeji wa huko Rabai, naye alikuwa kilema. Watu wa siku zake wasingemhesabu kuwa mtu mkubwa. Kama ungetaka kuanzisha kanisa, ungemtafuta mzee mwenye sauti barazani, au tajiri mwenye ng'ombe, au kijana mwenye nguvu za kusafiri. Mringe hakuwa mmoja wa hao. Lakini Mringe alisikiliza. Alikaa na wamisionari, akafundishwa, akaamini. Mwaka 1851, alipokuwa karibu kufa, alibatizwa. Kisha akafa.

Hebu tuhesabu, ndugu msikilizaji. Kutoka 1844 mpaka 1851 ni miaka saba. Makaburi mawili yamechimbwa Nyali. Safari za miguu zimefanywa kwenda Usambara, Uchaga na Ukambani. Mwaka ule ule wa 1851 Krapf alikuwa ametoka Ulaya na wenzake wapya wa kumsaidia, na mmoja wao, aliyeitwa Pfefferle, alifariki kwa homa muda mfupi tu baada ya kufika. Na ubatizo ni mmoja, wa mtu kilema ambaye hakuishi hata kuketi kanisani. Kama halmashauri yetu ya kanisa ingepokea ripoti ya namna hiyo leo, tungesema nini? Nadhani mtu mmoja angesimama na kuuliza fedha zimekwenda wapi.

Lakini katika Luka 15 Bwana alisema kwamba mbinguni kuna furaha kwa ajili ya mwenye dhambi mmoja atubuye. Mmoja, ndugu zangu. Mbinguni hawakungoja mpaka wafike mia. Tena baada ya Mringe alitokea mwingine pale Rabai, aitwaye Abe Gunja, naye akaifuata njia ile ile. Pete ya pili ilikuwa imeungwa.

Mwaka 1853 afya ya Krapf ilivunjika, akarudi Ulaya. Alikuja tena kwa muda mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi yao kule Ribe, lakini hakukaa tena Rabai kama kwake. Mlolongo wa vituo alioutamani haukujengwa. Aliyebaki alikuwa Rebmann.

Wawili hao hawakuwa na nia moja katika kila jambo. Krapf alipenda kwenda mbele. Rebmann aliona afadhali kukaa mahali pamoja. Alijenga Kisuludini, hapo hapo Rabai, akakaa. Miaka ilipita. Watu walimcheka, wengine walisema anapoteza wakati. Yeye alikuwa akiandika maneno. Aliitia Injili ya Luka katika Kiswahili, nayo ilipigwa chapa mwaka 1876. Tena alikutana na mtumwa aitwaye Salimini, ambaye alikuwa ameletwa kutoka nchi za Ziwa Nyasa. Rebmann aliketi na mtumwa huyo, akamfanya yeye kuwa mwalimu, akaandika lugha ya kwao neno kwa neno. Kitabu hicho cha maneno kilitoka mwaka 1877, Rebmann akiwa amekwisha kufa. Mtu ambaye wengine walimwona kuwa bidhaa, Rebmann alimwona kuwa mwalimu wake. Yeye naye alikuwa anajifunza kuwa mwanafunzi.

Mwaka 1864 walifika Rabai watu wengine ambao ni lazima tuwakumbuke. Katika siku zile manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini. Watoto wengi walioopolewa humo walipelekwa mpaka Bombay, nchi ya India, na baadhi yao walisomeshwa katika shule ya misheni huko Nasik. Huko walijifunza kusoma, walijifunza kazi za mikono, na walimjua Kristo. Wawili kati yao waliitwa William Jones na Ishmael Semler. Walikuwa wametekwa Afrika wakiwa wadogo. Sasa walirudi Afrika watu wazima ili kumsaidia Rebmann. Wangaliweza kubaki India na kufanya kazi ya mshahara. Wangaliweza kusema, nchi iliyotuuza ina haki gani juu yetu? Badala yake walirudi kuwaambia watu wa nchi hiyo habari njema.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, aliyetumwa na serikali ya Uingereza kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, alifika Kisuludini. Alimkuta Rebmann amekuwa mzee, macho yake karibu yamekwisha kabisa, na pamoja naye kundi dogo sana la waumini. Ulikuwa mwaka wa ishirini na saba tangu afike. Mwaka 1875, baada ya miaka 29, Rebmann alikubali kurudi kwao. Alikuwa hawezi kuona njia. Aliyemshika mkono na kusafiri naye mpaka Ulaya alikuwa Mkristo wa Rabai, Isaac Nyondo.

Ndugu zangu, tusiipite picha hiyo haraka. Mwaka 1846 Mzungu alikuja Rabai kuwaonyesha watu njia. Mwaka 1875 mtu wa Rabai anamwongoza Mzungu, hatua kwa hatua, kwa sababu yule mwalimu haoni tena. Huo ndio mwisho wa kazi ya kufanya wanafunzi. Siku moja yule uliyemfundisha atakushika wewe mkono. Mwalimu asiyependa siku hiyo ifike, hajafanya wanafunzi. Amefanya watumishi wake tu.

Rebmann alifariki tarehe 4 Oktoba 1876, kule Korntal, Ujerumani. Krapf alikaa hapo hapo Korntal mpaka mwezi wa Novemba 1881. Asubuhi moja walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekwisha kufa akiwa katika sala. Hawa wawili waliondoka duniani kabla ya kuona mengi. Lakini ile mbegu ilikuwa udongoni.

Sasa tazameni yaliyotokea. Mwaka ule ule wa 1875 CMS ilifungua kijiji cha watumwa waliokombolewa karibu na Mombasa, kikaitwa Frere Town. Kengele yake ipo hata leo, na mahali pale paitwa Kengeleni. Watu wengi waliotoka minyororoni walikaa hapo, wakasoma, wakapata kazi. Na wakati ule ule, kule Ugiriama, palikuwa na kundi la watu walioipata Injili kutoka Kisuludini. Hakuna mmisionari aliyekaa kati yao. Walifundishana wao kwa wao katika vijiji vyao, wakasali pamoja, wakawaleta jirani zao. Wamisionari walipoanza kuwatembelea, walikuta kanisa limekwisha kuota.

Wagiriama hao Wakristo walianzisha kijiji mahali paitwapo Fuladoyo, na watumwa waliotoroka kwa mabwana zao walikimbilia hapo. Kiongozi mmoja wao aliitwa David Koi. Hakuwa kasisi, wala hakuwa na kanzu. Alikuwa mwanafunzi wa Kristo aliyewafundisha wenzake. Wenye watumwa walikasirika sana kwa sababu ya kijiji hicho. Mwaka 1883 walikishambulia, wakamkamata Koi, wakamwua. Ndiye anayekumbukwa kuwa Mkenya wa kwanza kuuawa kwa ajili ya imani katika Kanisa la Kianglikana. Hakuwahi kumwona Krapf akihubiri jukwaani. Neno lilimfikia kwa njia ya watu.

Tarehe 31 Mei 1885 Askofu James Hannington aliwawekea mikono William Jones na Ishmael Semler, wakawa mashemasi. Walikuwa Waafrika wa kwanza kupewa daraja hiyo katika nchi hii. Miezi michache baadaye Hannington alifunga safari kwenda Uganda, na Jones alikuwa pamoja naye. Askofu alitangulia na watu wachache, akauawa huko Busoga mwezi wa Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga. Jones alikuwa ameachwa nyuma na kundi kubwa la wapagazi. Yeye ndiye aliyewarudisha nyumbani. Walifika Rabai mwezi wa Februari 1886 wakiwa na bendera ya buluu iliyoandikwa neno moja, Ikabodi, jina tunalolisoma katika 1 Samweli 4, maana yake utukufu umeondoka.

Lakini Jones hakuacha kazi kwa sababu utukufu umeondoka. Alirudi kwenye zamu yake pale Rabai. Watumwa waliotoroka walizidi kumkimbilia, naye aliwapokea. Mwaka 1888 mabwana zao walidai warudishwe, na pwani yote ikawa karibu kupigana. Mwisho palifanywa mapatano, mabwana wakalipwa fedha. Tarehe 1 Januari 1889, pale pale Rabai, watu zaidi ya 1,400 walipewa vyeti vya uhuru wao. Aliyekuwa ametekwa akiwa mtoto alisimama katika kusanyiko hilo akiwa shemasi. Jones na wenzake hawakuheshimiwa sikuzote kama walivyostahili. Baadhi ya wageni waliwadharau, wakawaona kuwa wadogo kwao. Hata hivyo kazi waliyoifanya hakuna awezaye kuifuta.

Basi, ule mnyororo uko wapi? Krapf aliuchora kwenye ramani, kituo baada ya kituo, naye hakuuona. Mungu aliufanya kwa watu: Krapf na Rebmann, Mringe na Abe Gunja, Nyondo, Jones na Semler, Wagiriama ambao majina yao mengi hatuyajui, na Koi. Mtu kwa mtu, mkono kwa mkono, mpaka umefika kwako wewe unayenisikiliza.

Mtume Paulo aliandika hivyo hivyo kwa Timotheo. Alimwambia kwamba mambo aliyoyasikia kwake awakabidhi watu waaminifu, ambao nao wataweza kuwafundisha wengine. Hesabuni pete zilizomo katika mstari huo mmoja. Paulo, ya kwanza. Timotheo, ya pili. Watu waaminifu, ya tatu. Na wengine, ya nne. Pete moja ikikatika, mbele yake hakuna kitu.

Sasa tujiangalie sisi. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya watu wanane katika kila kumi nchini Kenya hujiita Wakristo. Krapf asingeamini hesabu hiyo. Lakini tuulizane bila kufichana: Tumepata waumini wa kuhesabiwa, je, tumepata wanafunzi? Mtoto anabatizwa, tunapika, tunapiga picha. Anathibitishwa, tunampa zawadi ya Biblia. Baadaye anahamia mjini kutafuta kazi, na hakuna hata mmoja katika kanisa lake anayejua analala wapi. Tunafanya mkutano mkubwa uwanjani kwa vipaza sauti. Watu mia moja wanainua mikono, tunaandika majina yao. Jumatatu inapofika, nani anayekwenda kumtembelea mmoja wao? Daftari linawekwa kabatini, nasi tunaanza kuchangisha fedha za mkutano mwingine.

Sisemi mikutano ni mibaya. Wavu mkubwa hukamata samaki wengi. Lakini samaki walioachwa pwani huoza. Na Bwana hakusema tuhesabu samaki tu, alisema tuwafundishe.

Mambo matatu yatokayo Rabai na yatusaidie.

La kwanza, kufanya wanafunzi huanza kwa kumsikiliza mtu. Krapf alijifunza lugha kabla ya kufundisha. Rebmann alimsikiliza mtumwa. Kijana wako nyumbani ana lugha yake pia, ana maswali yake na hofu zake. Je, umewahi kuketi naye bila kumkemea, ukamwuliza anaamini nini? Mlinzi wa langoni, msichana anayekusaidia kazi, jirani mliyetengana kwa ukuta tu, unajua wametoka wapi na wanalilia nini usiku? Huwezi kumpelekea mtu habari njema ikiwa huna habari zake.

La pili, usimdharau mmoja. Labda Mungu hakukupa mkutano. Amekupa mgonjwa mmoja katika wodi, au mfungwa mmoja, au mjukuu mmoja. Pengine ni mtu ambaye wengine wamemwacha kwa sababu ya ulemavu wake, kama Mringe. Wewe unasema, huyu atalisaidia kanisa namna gani? Miaka saba ya jasho na machozi ilimzaa Mringe mmoja, nasi leo tunamtaja redioni. Haba na haba hujaza kibaba.

La tatu, kabidhi kazi, wala usiishike peke yako. Wako wazee wa kanisa ambao wameshika ufunguo wa kabati miaka mingi, na kijana akitaka kusoma somo la siku, huambiwa ngoja wakati wako. Wako walimu wa Shule ya Jumapili ambao hawajamfundisha mtu hata mmoja kushika nafasi yao. Siku macho yao yatakapofifia, nani atakayewashika mkono? Mfundishe mtu leo, umpe nafasi, umwache akosee kidogo na kujifunza, umwombee. Hata akikupita kwa karama, mshukuru Mungu.

Tena usiogope kwa sababu hukusoma sana. Wagiriama wale hawakuwa na chuo cha Biblia. Walikuwa na Neno, na walikuwa na jirani. Kwa kila mmoja wetu vitu hivyo viwili vipo. Andrea alipomwona Bwana, tunasoma katika Yohana 1, alimtafuta kwanza ndugu yake Simoni, akampeleka kwa Yesu. Hatusomi hotuba ndefu ya Andrea mahali popote. Lakini huyo Simoni aliyemleta ndiye Petro aliyesimama siku ya Pentekoste.

Ndugu msikilizaji, kabla hujalala usiku wa leo, chukua kalamu na karatasi. Upande mmoja andika jina la mtu aliyekuleta kwa Kristo. Labda ni mama yako, labda mwalimu wa shule, labda katekista mzee wa kijijini ambaye amekwisha kulala. Mshukuru Mungu kwa ajili yake. Upande wa pili andika jina moja tu la mtu ambaye utaanza kutembea naye wiki hii. Usiandike kumi. Andika moja. Kisha mtafute, umsalimu, umwulize hali. Upande huo wa pili ukibaki mtupu, jua kwamba mnyororo uliotoka Rabai mpaka kwako umefika mahali pa kukatika, na mahali hapo ni wewe.

Lakini si lazima ukatike. Yeye aliyeagiza ndiye aliyeahidi kuwa pamoja nasi siku zote.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu Kristo, twakushukuru kwa ajili ya watumishi wako waliotutangulia, wale wenye majina na wale ambao majina yao unayajua wewe peke yako. Twakushukuru kwa Mringe wa Rabai, na kwa David Koi wa Fuladoyo. Utusamehe tuliohesabu watu bila kuwapenda. Mpe kila anayesikia sauti hii mtu mmoja wa kumfundisha, na umpe uvumilivu wa kukaa naye. Wale waliochoka kwa sababu hawajaona matunda, watie nguvu. Na siku ya kuja kwako utukute tumeshikana mikono, hakuna aliyemwachilia mwenzake. Twaomba katika jina lako. Amina.